Shokapu za Volkswagen ya 1968: za oili, za gesi au za mashindano?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1968 aliyoniachia baba. Naishi Moshi, kila wiki naenda nayo Arusha, na Jumapili napanda nyumbani Kibosho ambako kipande cha mwisho ni vumbi na mawe. Nyuma imekaa chini, na ikivuka tuta inarukaruka mara tatu nne ndipo itulie. Rafiki ananishauri nifunge shokapu ngumu za gesi, zile za mashindano, ili inyanyuke. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba, kijana. Usimsikilize, maana una matatizo mawili na yeye anayatibu kama moja.

Kinachobeba gari ni springi, na kwenye Beetle springi yenyewe ni tosheni baa, chuma kinachojipinda ndani ya bomba. Shokapu haibebi chochote. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya tuta. Kwa hiyo kule kurukaruka ndiko kunakosema shokapu zimekwisha; kukaa chini ni habari ya tosheni baa. Ya nyuma ina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Fundi akihamisha meno ya pande zote mbili anaipandisha gari kwa hatua ndogo sana, chini ya digrii moja. Mpelekee anayeijua kazi hiyo, kwa sababu bamba linaloshika tosheni baa limekazwa kwa nguvu na likichomoka ghafla linajeruhi. Anza na hilo, ndipo ununue shokapu.

Sasa za mashindano. Shokapu iliyo ngumu mno wakati wa kufunguka, yaani kurefuka, hairuhusu tairi kushuka upesi. Ukipita rasta, au ile barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, tairi halijarudi chini na shimo jingine limefika. Gari linazidi kuvutwa chini, kinyume kabisa na unachotaka! Beetle yako ina uzito wa takriban kilo 800 tu. Haihitaji ukali huo.

Shokapu ya oili tupu inatosha kwa lami, lakini kwenye njia mbaya oili huchanganyika na hewa, inatoa povu, na shokapu inalegea hadi ipoe. Gesi huzuia povu hilo. Ila gesi zipo za aina mbili. Ya bomba moja yenye presha kubwa hutuliza vizuri sana, lakini pistoni yake inatembea moja kwa moja ndani ya bomba la nje: jiwe likilibonyeza, imekufa. Ya bomba mbili yenye presha ndogo inavumilia kubonyea kidogo. Kwa mawe ya Kibosho mimi ningefunga hii ya pili, bila kusita.

Dukani usikubali kuambiwa "zote zinaingia". Beetle za kuanzia modeli ya 1966 zina bol joint mbele, yaani kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka. Za kabla yake zina king pini, pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia, na shokapu zao za mbele ni nyingine. Pima pia urefu wa shokapu, ikiwa imebanwa hadi mwisho na ikiwa imevutwa hadi mwisho. Ndefu mno itagota ndani kabla ya raba ya kugotea kufanya kazi. Fupi mno itajivuta hadi ing'oke. Badilisha zote nne, au angalau jozi ya ekseli moja, pamoja na raba zake. Kabla ya kufunga, isimamishe wima na uipampu mara kadhaa ili hewa itoke kwenye oili.

Halafu kagua upepo. Pale sheli vijana hujaza psi 30 na zaidi kote, gari linakuwa gumu, lawama wanapewa mafundi. Injini yako iko nyuma, hivyo mbele ni nyepesi: weka takriban psi 18 mbele na 27 nyuma, tairi zikiwa za baridi.