Trekta Haliwaki? Achana na Pampu Kwanza, Anza Tangini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chanika aliniandikia: "Shikamoo mama. Nina Massey Ferguson 135 ya marehemu baba. Linazunguka vizuri tu ila haliwaki. Fundi kasema pampu imekufa, inatakiwa nyingine. Mvua hizi hapa. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Nilicheka, halafu nikakasirika, kwa sababu hayo maneno ya "pampu imekufa", yaani ile pampu kubwa inayosukuma dizeli kwenye injini, nayajua. Na kwa kuwa wengi mnaonisoma mna kishamba Kimbiji, Mkuranga au Kisarawe, na wote tunaota kuwalimia watu kwa eka, nimeona nisimjibu peke yake.

Trekta langu nililinunua kwa kiinua mgongo. Wenzangu waliostaafu ualimu walijenga vyumba vya kupangisha Mbagala, mimi nikanunua 135, trekta lililoanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Injini ni ya Perkins, silinda 3, lita 2.5, haina kompyuta wala sensa. Shemeji zangu walisema kwenye kikao cha harusi, mbele za watu, kwamba nimenunua chuma chakavu. Sikuwajibu. Msimu huo huo nikawalimia wawili kati yao, na bei sikupunguza.

Msimu uliofuata, masika yakikaribia na wateja wameshatoa advansi, nikamwita fundi mmoja mwenye jina mjini aje kufanya sevisi. Sevisi tu, trekta lilikuwa zima. Nikamlipia nauli na kivuko mpaka Kigamboni. Akamwaga oili, akabadilisha filta ya dizeli, akapiga stata likawaka. Likatembea mpaka kwenye mwembe, likakohoa, likazima. Akapiga stata mpaka betri ikalala. Kisha akamgeukia mlinzi wangu, siyo mimi, akasema: "Mwambie mama pampu imekufa. Milioni moja na nusu, na hiyo ni ya mtumba." Nimesimama pale pale, na funguo ya trekta naishika mimi.

Miaka yote niliyofundisha fizikia nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu swali ni moja: kabla ya kufika hapo, kilipitia wapi? Trekta lilikuwa linawaka kabla hajaligusa. Kilichobadilika ni nini? Hilo halihitaji cheti cha VETA.

Sasa tuje kwako. Injini ya dizeli ya kizamani inataka izunguke kwa kasi ya kutosha, ivute hewa, na ipate dizeli safi isiyo na upepo. Basi. Mweke mtu apige stata, wewe tazama eksozi. Kama linazunguka vizuri na hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda. Kama unatoka moshi mweupe, dizeli inafika ila haichomeki: inazunguka polepole mno, au mgandamizo umepungua, au pampu ilifungwa nje ya alama zake. Moshi mweusi likishawaka, angalia eya klina kwanza, yaani chujio la hewa. Kwenye matrekta haya ni ile ya bakuli la oili chini, na vumbi la Kimbiji huligeuza tope. Langu halikutoa moshi wowote, kwa hiyo nikaanza tangini.

Narudia, tangini. Tangi la 135 liko juu ya injini chini ya boneti, dizeli inashuka yenyewe. Fungua bomba linaloingia kwenye pampu ndogo, ile inayopeleka dizeli kwenye filta, weka kikopo, fungua koki. Mafuta yashuke kwa mkondo, siyo matone. Yakidondoka matone, chujio la kwenye koki limeziba kwa kutu na takataka. Yakianza vizuri halafu yakafifia, legeza kifuniko cha tangi. Yakirudi kwa nguvu, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, tangi linajivuta lenyewe. Trekta lenye ugonjwa huo huwaka vizuri, hulima kidogo, huzima, na ukilipumzisha huwaka tena. Watu wameuza pampu nzima kwa sababu ya tundu la kupitisha sindano.

Kisha pampu ndogo, ile yenye kikono cha kupampu kwa dole. Ukikisukuma ukaona hakina uzito, usiseme imekufa. Kamu ya injini, lile jino linaloisukuma pampu hiyo, inaweza kuwa imekisimamisha juu kabisa, zungusha injini kidogo ujaribu tena. Kilichochanika kweli ni dayaframu, ile ngozi ya ndani ya pampu, pale unapochomoa kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepanda na inanuka dizeli. Hapo usiwashe kabisa. Oili iliyochanganyika na dizeli inamaliza beringi.

Kutoa upepo kwenye njia ya dizeli kuna mpangilio wake. Legeza bolti ya juu ya filta, pampu kwa kikono mpaka mafuta yatoke bila povu, kaza. Nenda kwenye pampu kubwa, legeza skrubu ya ubavuni, pampu, kaza. Halafu ile ya juu ya pampu hiyo hiyo, kwenye mfuniko wa gavana (kidhibiti kasi), vivyo hivyo. Mwisho legeza nati za mabomba mawili kati ya matatu yanayoingia kwenye nozeli, zile zinazorusha dizeli ndani ya silinda, aksileta mpaka mwisho, piga stata mpaka dizeli iruke, kaza. Usikinge mkono! Ikiwa inafanya kazi, nozeli hurusha dizeli kwa nguvu ya kutoboa ngozi, na jeraha hilo linaonekana dogo lakini ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi nilikwama kwenye hatua ya kwanza. Povu halikuisha. Nilipampu mpaka dole likavimba, na povu likaendelea kama sufuria ya maziwa. Povu lisiloisha kwenye filta maana yake upepo unaingia hapo hapo au kabla yake. Nikapangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, nikangoja. Palipolowa ni kwenye shingo ya filta yenyewe. Nikafungua bolti ya katikati, nikashusha, nikaingiza kidole kwenye mfereji wa juu. Mpira wa zamani ulikuwa bado umeng'ang'ania mle, mgumu, umebapaa, na mpya umewekwa juu yake. Mpira juu ya mpira haukai, lazima uvujishe.

Nilikaa chini ya mwembe nikalia. Siyo kwa furaha. Nilikuwa nafikiria milioni moja na nusu, na wateja waliokuwa wameshaanza kunipigia wakidai advansi yao. Nikaung'oa kwa bisibisi ya mbao, nikasafisha mfereji, nikafunga mpira mmoja. Washa za shaba sikuwa na mpya, nikazichoma kwenye jiko la mkaa mpaka zikawa nyekundu nikazitumbukiza majini. Shaba hulainika ukiifanyia hivyo, inaziba tena vizuri. Nikatoa upepo kwa mpangilio huo. Likawaka. Fundi nilimpigia nikamwambia, akasema labda mpira ulikuja na filta mbovu. Pesa ya nauli hajarudisha hadi leo, na mimi sijaacha kumkumbusha.

Tukiwa bado kwenye mafuta. Pampu ya matrekta haya inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Kwa hiyo dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaisaga polepole bila wewe kujua. Nchi hii imehangaika na uchakachuaji. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mchezo usilipe. Bado nakuta mtu mzima mwenye trekta ananunua dizeli ya dumu barabarani kwa sababu ni nafuu. Nafuu kwa nani? Nunua kituoni, dai risiti. Na joto letu hili la pwani lenye unyevu, tangi lililoachwa nusu tangu vuli mpaka masika hutoa jasho kwa ndani. Lijaze kabla ya kuliegesha. Filta kama ina bolti ya kumwagia chini, mwaga kwenye chupa nyeupe uache itulie, maji yatakaa chini.

Umeme sitakaa nao sana. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, na waya wa ethi ukafungwe kwenye chuma kisafi. Chumvi ya hewa ya Kigamboni inakula vichwa vya betri huku unaangalia. Ukipiga stata pakawa kimya kabisa, hata mlio wa "tik" hakuna, kwanza angalia gia. Kuna swichi ya usalama, lever ya hai na loo (kasi kubwa na ndogo) isipokuwa nyutro stata haipati umeme.

Na jamani, hiki kitambaa cha petroli kwenye mdomo wa eya klina! Nimeona vijana wanafanya wakishangilia, wengine wanapuliza etha ya kopo. Perkins hii ina kifaa cha kupasha moto kwenye manifoldi, na ukikiwasha huku umepuliza etha unalipua bomba la kuingizia hewa usoni kwako. Hata bila hicho kifaa, etha huwaka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni inaweza kupasuka. Trekta halina haraka, mwenye haraka ni wewe na advansi za watu ulizokwisha kula.

Sasa, je, pampu haifi? Inakufa. Lakini itangaze hivyo ukiwa na ushahidi. Kwanza fuata waya wa kuzimia mpaka mwisho wake, kwa sababu ukishikwa na kutu mkono wa pampu hubaki kwenye kuzima hata ukirudisha kitufe, na hapo hata pampu ya dukani haitatoa kitu. Mkono ukiwa umerudi, dizeli inafika kwenye pampu bila povu, upepo umetolewa, stata inazungusha kwa nguvu, na bado hakuna tone kwenye bomba lolote kati ya yale matatu, hapo ndipo umwite mtu. Kabla hajalegeza nati, piga picha kwa simu zile alama za kwenye flanji, pale pampu inapofungwa kwenye injini, irudi ilipokuwa. Uende naye mwenyewe kwa wenye mashine ya kupimia pampu, usimame uione ikizungushwa, ndipo utoe hela.