Andika rejeleo ukiwa umeshika chanzo mkononi

Mwaka jana mswada wangu ulirudishwa kabla haujafika hata kwa wahakiki. Barua ya mhariri ilikuwa na mistari minne tu. Hakugusa hoja wala data. Alisema vyanzo nilivyovitaja ndani ya makala havilingani na orodha ya marejeleo, na kwamba mtindo wa marejeleo nilioutumia si wa jarida lao.

Usiku uleule nikakaa kuhesabu. Ndani ya makala nilikuwa nimetaja vyanzo 43, na orodha ya mwisho ilikuwa na 51. Vitatu kati ya nilivyovitaja havikuwamo kabisa kwenye orodha, na 11 vilivyokuwamo sikuvitaja popote. Yale yalikuwa mabaki ya tasnifu. Nilipoikata sura moja kuifanya makala, maneno niliyapunguza lakini orodha nikaibeba nzima nzima. Kama na wewe unatoa makala kwenye tasnifu yako, anzia hapo: orodha ya makala ijengwe upya, usiirithi.

Lakini kilichoniuma zaidi nilikikuta wakati wa kurekebisha. Kulikuwa na sentensi niliyoipenda sana, nimeiandikia jina la mwandishi, mwaka na ukurasa wa 112. Nikaenda maktaba ya Mlimani, ile mpya iliyofunguliwa 2018, nikakitafuta kitabu chenyewe na kufungua ukurasa ule. Hakuna. Nikasoma kurasa kumi mbele na kumi nyuma, hakuna kitu. Rejeleo lile nilikuwa nimelinyanyua kutoka kwenye makala ya mtu mwingine, naye bila shaka alilinyanyua kwa mwingine. Sentensi ile niliifuta, na tangu siku hiyo siandiki rejeleo la kitu ambacho sijakifungua mwenyewe. Nikishindwa kabisa kukipata, naandika wazi kwamba fulani amenukuliwa na fulani, na kwenye orodha anaingia yule niliyemsoma.

Tukija kwenye mtindo wenyewe, soma mwongozo wa jarida kabla ya kuandika aya ya kwanza. Watu wa elimu na sayansi ya jamii mara nyingi hukutana na APA, mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Rafiki zangu wa afya wanaishi na Vancouver, ambako ndani ya makala unaweka namba na orodha inafuata mpangilio wa namba hizo, si alfabeti. Tofauti hizi zinaingia hadi kwenye jina la jarida. Kwa APA utaandika Tanzania Journal of Health Research kwa ukamilifu na kwa herufi za mlazo. Kwa Vancouver jarida hilohilo linakuwa Tanzan J Health Res. Ukichanganya, mhariri anaona kwa jicho moja.

APA nayo hubadilika. Toleo la 7, lililotoka 2019, liliondoa mji wa mchapishaji, kwa hiyo yale maneno "Dar es Salaam:" tuliyozoea kuyaweka mbele ya jina la mchapishaji hayahitajiki tena. Waandishi wakiwa watatu au zaidi, ndani ya makala unaandika wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza unapowataja, lakini kwenye orodha unawataja wote mpaka 20. Hata hivyo, mwongozo wa jarida lenyewe ndio wenye kauli ya mwisho. Wakitaka mji, weka mji. Wakitaka "mh." kwa mhariri na "kur." kwa kurasa, fuata hivyo kuanzia rejeleo la kwanza hadi la mwisho.

Kuna mambo mawili ambayo miongozo ya nje haitufundishi vizuri, na sisi hapa yanatutesa kila siku.

La kwanza ni nyaraka za serikali. Fungua makala nyingi za Tanzania utakuta "URT, 2022" imejaa kila mahali. URT, yaani United Republic of Tanzania, ni Jamhuri nzima! Ndani ya mwaka mmoja inatoa sera, sheria, mipango na taarifa zisizo na idadi. Ukiandika kwamba Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, msomaji anataka kujua taarifa ipi na ya ofisi ipi. Mwandishi hapo awe Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kisha jina kamili la ripoti kama lilivyo kwenye jalada. Na kama unazo mbili za ofisi moja na mwaka mmoja, weka 2022a na 2022b, halafu hakikisha herufi ya ndani ndiyo hiyohiyo ya kwenye orodha.

La pili ni majina yetu. Chukua jina kama Asha Juma Hamisi: lake, la baba, la babu. Kazini anaitwa Dkt. Asha, basi mmoja anaandika "Asha, J.", mwingine "Juma, A.", wa tatu "Hamisi, A. J." Mtu mmoja amekuwa watatu, na kazi yake inahesabiwa vipandevipande. Nenda kwenye makala yake mwenyewe uone alivyojiandika, ufuate hivyo; kwa kawaida jina la mwisho ndilo linalotangulia kwenye orodha. Vyeo viache nje: hakuna "Prof." wala "Dkt." kwenye marejeleo. Na jina lako wewe, chagua umbo moja leo, ulibaki nalo, na ujisajili ORCID, mfumo wa mtandaoni unaompa kila mtafiti namba yake. Ni bure, na ile namba ya tarakimu 16 itakutambulisha hata mhariri akikosea kupanga majina.

Programu za kupanga marejeleo zinasaidia sana. Mimi natumia Zotero, haina malipo, na jarida likikukataa unaweza kubadilisha mtindo wa makala nzima kwa dakika chache. Ila inaandika ulichoilisha. Ukiingiza kichwa cha makala chenye herufi kubwa tupu, kitatoka hivyohivyo. Kila ninapoingiza chanzo, hapohapo nakagua jina, mwaka, juzuu, kurasa na DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni. Dakika mbili kwa kila chanzo, basi.

Akili mnemba nisingeipa kazi hii kabisa. Inaweza kukutungia rejeleo zuri lenye mwandishi, jarida na kurasa, na lisiwepo duniani. Njia ya kupima ni rahisi: DOI yoyote iliyo kwenye orodha yako ibandike kwenye kivinjari, ikianza na https://doi.org/. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, simama hapo mpaka ujue kwa nini.

Mswada wangu niliumalizia nyumbani Changanyikeni na mdogo wangu, ambaye fani yake ni uhasibu. Nilichapisha orodha steshenari, nikampa na kalamu nyekundu. Mimi nilisoma makala kwa sauti, na kila nilipofika kwenye mabano nikataja jina na mwaka. Yeye akatafuta na kutia tiki. Asipolipata jina anasema "hayupo", tunasimama. Ilituchukua jioni mbili, ya pili umeme ulikatika tukaendelea kwa tochi ya simu. Tulikuta miaka minne isiyolingana na jina moja lililoandikwa kwa tahajia mbili. Alipofika chini ya ukurasa wa mwisho akazihesabu tiki zake, zikawa 40, na orodha ilikuwa na vyanzo 40. Asubuhi yake niliutuma.