Greda la kukokotwa: panga sukani kwa zamu yake, kisha toa mikono

Ukiona barabara ya changarawe imechongwa juzi tu na tayari ina mawimbi, usianze na dereva wa trekta. Mtazame kwanza yule anayesimama jukwaani nyuma ya greda, uangalie mikono yake inafanya nini. Nimefanya kazi na magreda ya kukokotwa, yale ya kurekebisha bledi, yaani bamba refu la chuma linalochonga barabara, kwa sukani za mkono, kwenye barabara za mashamba ya chai Mufindi. Jambo moja ningependa kila mwenye mashine hii alishike: sukani hizo zina zamu yake ya kuzungushwa, na ukishazipanga, bledi iachwe ifanye kazi.

Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Mei. Jani bichi likishachumwa halisubiri mtu. Linatakiwa kiwandani siku hiyohiyo, na lori likinasa kwenye udongo mwekundu, kazi ya wachumaji ya asubuhi nzima inapata joto na kuharibika ndani ya magunia. Greda kubwa lenye injini yake mara nyingi ni la kukodi, na msimu ukikaribia kila mtu analitaka wakati mmoja. Greda la kukokotwa linavutwa na trekta lililopo shambani. Massey Ferguson 375, lenye nguvu ya farasi 75, linamudu greda jepesi la matengenezo ikiwa udongo una unyevu. Zimbabwe walilijua hilo zamani. Wakala wao wa District Development Fund umetunza barabara za vijijini kwa magreda yanayovutwa na matrekta ya kilimo.

Mashine yenyewe ina umri mkubwa. Mwaka 1885, Mmarekani J. D. Adams alitengeneza greda ambalo magurudumu yake yanaweza kuinamishwa ili mzigo wa udongo usiisukume mashine pembeni. Kampuni ya Russell ya Minneapolis nayo ilijenga magreda ya kuvutwa, kisha Caterpillar ikainunua mwaka 1928, na mwaka 1931 ikatoa Auto Patrol, greda lenye injini yake lenyewe. Tangu hapo injini na mafuta ya haidroliki vimechukua nafasi ya mikono, lakini ukichungulia chini ya greda jipya la leo utaikuta bledi imening'inia kwenye duara la meno, na duara limeshikwa na fremu yake ya kuvutia, vilevile kama zamani. Kwa hiyo anayeijua mashine ya sukani anazijua zote.

Sasa tuje kwenye sukani. Mbili kubwa, kulia na kushoto, huinua na kushusha kila upande wa bledi. Nyingine huzungusha duara ili bledi ikae kwa pembe. Kwenye mashine rahisi kazi hiyo hufanywa kwa kuchomoa pini na kusukuma bledi kwa mkono. Ipo ya kuisogeza bledi yote kulia au kushoto, na kwenye baadhi ya mashine ipo ya kuinamisha magurudumu. Mwinamo wa bledi yenyewe, mbele au nyuma, kwa kawaida hupangwa kwa boliti au matundu ya pini kwenye mabano yake.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanaanza na sukani mbili kubwa kwa sababu ndizo zinazoonekana, wanapima mteremko wa kutoka katikati ya barabara hadi ukingoni vizuri kabisa, halafu wanazungusha duara. Duara hilo mara chache huwa sawa kati ya mbele na nyuma, kwa sababu fremu yake imeshikwa puani na huinuka au kushuka pamoja na bledi. Ukiizungusha bledi kwenye duara lililoinama, ncha moja inapanda na nyingine inashuka, na mteremko uliopima umekwisha. Ni hivyohivyo kwa usukani wa kusogeza pembeni: mikono inayobeba bledi huyumba kama pendulo, na ikiyumba inabadilisha kimo cha kila upande.

Kwa hiyo anza na mwinamo, mashine ikiwa imesimama na bledi ikiwa imelazwa juu ya magogo. Sehemu ya juu ya bledi ikilala nyuma, makali yanakata. Ikielekea mbele, makali yanaburuta na kuchanganya. Kwa udongo uliokauka na wenye rasta, yaani mawimbi ya kukatisha barabara, unahitaji kukata. Kwa kusawazisha changarawe iliyokwisha kulegezwa, ielekeze mbele. Baada ya mwinamo, panga pembe. Nyuzi 30 hadi 45 kutoka mstari wa kukatisha barabara ndiyo pembe ya kuhamisha udongo kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukiwa unatandaza tu tuta la mwisho la udongo uliokusanywa na bledi, iweke bledi karibu na kukatisha moja kwa moja. Kisha isogeze pembeni mpaka ifike unapotaka. Mwisho kabisa ndipo ushike sukani mbili za kimo.

Hesabu yake inasaidia sana, na ni ndogo. Barabara ya shamba yenye upana wa mita 5.5 ina mita 2.75 kutoka katikati hadi ukingoni. Ukitaka mteremko wa asilimia 5, ukingo uwe chini ya mgongo kwa sentimita 14 hivi. Chukua greda ambalo uzi wa parafujo zake za kuinulia unasogea milimita 6 kwa kila mzunguko, na nafasi kati ya sehemu mbili za kuinulia ni mita 1.5. Mzunguko mmoja wa upande mmoja hubadilisha mteremko kwa asilimia 0.4. Kutoka asilimia 5 kwenda 6 ni mizunguko miwili na nusu. Pima mashine yako mwenyewe, maana nyuzi hutofautiana, kisha paka rangi nyeupe alama moja kwenye kila usukani ili uweze kuhesabu mizunguko hata jasho likikuingia machoni. Mwendeshaji anayehesabu mizunguko anaweza kurudi kesho asubuhi akapata mteremko uleule. Anayekadiria kwa macho, kila kilomita yake ina sura tofauti.

Kuupima mteremko wenyewe, tengeneza ubao wenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine kwa kiasi cha mteremko unaoutaka, weka pima maji juu yake, tembea nao barabarani. Seremala yeyote anaweza kuutengeneza. Ninausisitiza kwa sababu jicho la mtu aliyesimama juu ya mashine iliyoinama linadanganyika; kinachoonekana tambarare kutoka jukwaani mara nyingi kina mteremko, na kinyume chake.

Baada ya kupanga, toa mikono. Bledi ya greda imewekwa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa sababu maalumu. Gurudumu la mbele likipanda uvimbe wa sentimita 10, bledi iliyo katikati hupanda kama sentimita 5 tu. Mashine yenyewe inapunguza kasoro ya barabara kwa nusu, na mkipita tena inapunguza kilichobaki. Sasa mwendeshaji mwenye haraka anaona bledi imepanda, anazungusha usukani kuishusha. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa trekta linakwenda karibu mita 1.4 kila sekunde. Mizunguko mitatu ikimchukua sekunde 3, amekwishapita mita 4. Gurudumu la mbele limeshuka zamani, na bledi aliyoishusha inachimba shimo mahali ambapo hapakuwa na kasoro yoyote. Anashtuka, anainua, na baada ya mita nyingine 4 anaacha nundu. Malori yakianza kupita, kila nundu inayarusha na kila shimo linapokea kishindo, na mvua ya kwanza inaweka maji humo.

Zungusha pale tu ulipopanga kuzungusha: unapoingia kwenye kona ambayo barabara inapaswa kuinama upande mmoja, unapokaribia kalavati, unapofika mtaro wa kutolea maji pembeni. Weka vigingi kabla hamjaanza kazi, na mabadiliko yaenee kwenye mita 10 hadi 15, nusu mzunguko baada ya nusu mzunguko. Penye jiwe lililokaa imara, simamisha trekta, litoeni kwa mtaimbo, mjaze shimo, muendelee. Bledi haitalishinda.

Kuna mashine ambayo hata ukitoa mikono inaendelea kuchonga mawimbi. Hiyo ina uchezi, yaani ulegevu kwenye viungio vyake. Bledi ikiwa hewani, uzito wake huvuta kila pini na kila jino la gia upande wa chini, na yote yanaonekana yamekaza. Ikigusa udongo mgumu, udongo unaisukuma juu, na uchezi wote unafunguka. Bledi inaanza kuelea ndani ya nafasi hiyo, inadunda, na mdundo huo ndio unaozaa rasta kwenye barabara mpya. Kuujua ni rahisi: inua bledi kidogo kutoka ardhini, ingiza mtaimbo chini ya ncha moja, isukume juu huku mwenzako akitazama usukani. Bledi ikisogea kabla usukani haujatikisika, huo ndio uchezi wako. Anza na pini na bushi za mikono ya kuinulia, kwa sababu ndizo huliwa haraka, na bushi mpya haimshindi fundi wa mashine ya kukerezea. Kisha angalia mabamba yanayoshika duara. Mengi yana vipande vyembamba vya bati vya kuongeza au kupunguza ili duara libanwe bila kukwama. Gia za ndani ya kisanduku ziangalie mwisho.

Kuhusu grisi, paka kwenye pini na nyuzi kila siku ya kazi. Kwenye uso wa duara na meno yake yaliyo wazi kuwa mwangalifu zaidi: grisi hushika vumbi na kuwa msasa, na msasa huo unakula meno. Sehemu hizo mimi huziacha kavu na safi.

Nataka niseme juu ya mikono kwa maana nyingine pia. Sukani zinazotumia gia ya parafujo, yaani mhimili wenye uzi unaosukuma gurudumu la meno, kwa kawaida hujifunga zenyewe: wewe unaweza kuisogeza bledi, lakini bledi haiwezi kuuzungusha usukani. Mashine zinazotumia gia za meno ya kawaida pamoja na kabari ya kuzuia ni jambo jingine. Kabari ikichomoka au ikiwa imelika, bledi ikigonga kisiki usukani unazunguka kwa nguvu inayovunja mkono. Kwenye mashine hizo shika usukani kwa nje, vidole gumba visiingie kamwe katikati yake, na usisimame ukiuegemea kwa kifua. Kwa greda lolote, pini ya kuvutia iwe na kipini cha kuizuia isichomoke, na uwepo mnyororo wa pili wa usalama. Vuta kwa ndoano ya trekta, na ndoano hiyo ikae kwenye kimo kinachofanya fremu ya greda iwe sawa. Ikivutwa juu sana, ekseli ya mbele inapoteza uzito na greda linaanza kuyumba.

Dereva na mwendeshaji wakubaliane ishara kabla injini haijawashwa. Kelele ya trekta haimruhusu mtu kusikia sauti ya nyuma, kwa hiyo kamba iliyofungwa kengele karibu na dereva ni bora kuliko kupunga mikono ambayo haitazamwi. Simama, punguza mwendo, endelea: tatu zinatosha. Mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka ndio mwendo wa kazi. Ukizidi hapo bledi inaanza kudunda hata kama haina uchezi.

Wapo wanaoniuliza kama waagize greda la haidroliki au wamwombe fundi chuma awatengenezee la sukani. Ukiwa karibu na mji, na mtu wa kutengeneza mipira ya mafuta yupo, haidroliki inapunguza uchovu na inafaa. Shamba likiwa mbali, mpira mmoja ukipasuka katikati ya msimu kazi inasimama mpaka upatikane mwingine, wakati parafujo iliyopinda inanyooshwa palepale kwa moto na nyundo. Ukichagua sukani, mwambie fundi atumie uzi wa meno ya mraba au yanayokaribiana na mraba. Uzi mwembamba wa boliti za kawaida huliwa upesi chini ya mzigo, na uchezi utakurudia kabla mwaka haujaisha. Aifanye fremu iwe na nafasi ya kuweka uzito juu yake, matofali ya zege yanafaa, maana greda jepesi huelea juu ya udongo mkavu hata bledi ikiwa imepangwa vizuri.

Na usisubiri udongo ukauke. Chonga mara baada ya mvua kubwa kupungua, udongo ukiwa unashikana mkononi bila kutoa maji. Wakati huo bledi inakata kwa upole, changarawe inashikana malori yanapopita, na sukani zenyewe zinakuwa nyepesi.

Jambo lililobaki ni makali. Ni kipande cha chuma kilichofungwa kwa boliti chini ya bledi, nacho huliwa zaidi katikati kuliko kwenye ncha. Bledi iliyolika katikati huacha uvimbe katikati ya njia yake ambao hakuna usukani wa kuurekebisha. Weka rula ndefu chini yake kila wiki. Ukiona mwanga katikati, kigeuze kipande hicho juu chini kama kina makali pande zote mbili, au kibadilishe kabla bledi yenyewe haijaanza kuguswa na udongo. Nunua boliti zake za akiba pamoja na makali, kwa sababu zilizolika vichwa hukatika wakati wa kuzifungua.