Maswali na Majibu: Usaili wa watengeneza programu

SWALI: Tuna ofisi ndogo hapa Moshi, tunatengeneza mifumo ya SACCOS. Mara mbili sasa tumeajiri kijana aliyejibu vizuri maswali yote ya ubaoni, hata lile la kugeuza mti wa jozi, yaani mpangilio wa data ambao kila kipengele kina matawi yasiyozidi mawili. Akifika kazini, anashindwa kutafuta kosa kwenye mfumo uliopo. Tunakosea wapi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Mnasaili hiki, mnaajiri kwa kile. Swali la mti wa jozi hukaririwa kama meza ya kuzidisha. Kazi yenu ni kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa na mwingine, na hilo hamkuliuliza.

Ubao una ubaya mwingine. Mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University na Microsoft walichapisha jaribio la wanafunzi 48: nusu walitatua tatizo wakieleza kwa sauti mbele ya msaili, nusu wakiachwa peke yao chumbani. Ufaulu wa waliotazamwa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa walishindwa wote. Wanawake walioachwa peke yao walifaulu wote. Kundi ni dogo, lakini onyo ni zito: huenda mliyemkataa kwa kubabaika ndiye mliyemhitaji.

Chukueni kipande cha mfumo wenu, mistari 200 hadi 300, mfute taarifa za wanachama, mwache ndani kosa lililowahi kuwasumbua. Tuseme marejesho ya mkopo yanayolipwa kwa simu. Mtandao ukisuasua, taarifa ya malipo hutumwa tena, na aliyelipa shilingi 50,000 anaandikiwa 100,000. Mpeni mwombaji dakika 90, kompyuta aliyoizoea na intaneti. Msaili atoke, awe anaingia kujibu maswali tu. Umeme ukikatika, muda usimame.

Hapo mtaona tofauti. Wengi wataongeza mstari wa kukagua kama namba ya muamala imeshaandikwa. Haitoshi: taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote hukagua, zote hukuta hakuna kitu, zote huandika. Anayeijua kazi huiwekea kanzidata yenyewe, yaani hazina ya taarifa za mfumo, sharti kwamba namba ya muamala isijirudie. Aliyebobea huenda mbele zaidi: taarifa ya pili huijibu kuwa imepokelewa, maana akiijibu kwa kosa, mfumo wa malipo ulioituma utaendelea kuituma.

Dakika 20 za mwisho mwulizeni kwa nini alichagua njia hiyo, na mwacheni aeleze kwa Kiswahili. Kumlazimisha Kiingereza ni kupima Kiingereza.

Alama zipangwe kabla hajaingia: kuelewa tatizo, kupata chanzo, kurekebisha, kujaribu, kila kimoja 1 hadi 5. Wasaili wawe wawili, kila mmoja ajaze karatasi yake kabla hawajazungumza. Wakizungumza kwanza, alama ya bosi ndiyo itakayobaki.

Msimpe kazi ya siku tatu akafanyie nyumbani. Mwenye ajira na watoto ataiacha, na ikirudi hamtajua nani aliyeiandika.