Maswali ya Wasomaji: Mgahawa Ukituangusha, Tuandike Nini?

Tuliwaalika wasomaji watuulize kuhusu maoni yasiyopendeza juu ya migahawa: nani ana haki ya kuyaandika, yaandikwe vipi, na mwandishi anajiweka katika hatari gani. Barua zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Tumechagua zile zinazogusa mambo yaliyoulizwa na wengi, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Ndugu Mhariri, nilikula katika mgahawa unaosifiwa sana, na karibu kila kitu kilinisikitisha, kuanzia muda wa kungoja hadi chakula chenyewe. Nilipotaka kuandika maoni yangu mtandaoni, rafiki zangu walinikataza, wakisema kwamba nitakuwa namtilia mwenzangu mchanga kwenye kitumbua chake. Je, ni haki kuandika?

Jibu: Ndugu msomaji, ni haki, mradi uandike kile ulichokipata na usikiongezee chumvi. Wasiwasi wa rafiki zako, hata hivyo, una msingi. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha nyota ambazo wateja wa tovuti ya Yelp waliipa migahawa ya Seattle na mapato ya migahawa hiyo, akakuta kwamba kuongezeka kwa nyota moja kuliendana na ongezeko la mapato la kati ya asilimia 5 na 9. Athari hiyo ilionekana kwa migahawa inayojitegemea, wala si kwa kampuni zenye matawi mengi ambazo watu wanazijua tayari. Maana yake ni kwamba nyota yako moja itamuumiza zaidi mwenye mgahawa mmoja, ambaye huenda ana mkopo benki na wapishi wawili wanaomtegemea. Lakini matokeo hayohayo yanaonyesha kwamba wapo watu wanaotoa fedha zao kwa kuamini maneno ya wateja waliowatangulia, na ikiwa wote waliosikitika watanyamaza, watu hao watakuwa wanaamini sifa tupu.

Kwanza jiulize kama ulimweleza mhudumu ukiwa bado mezani. Chakula kilichoungua, oda iliyokosewa au bili iliyozidi ni mambo yanayoweza kurekebishwa papo hapo, na namna mgahawa unavyoyapokea malalamiko ni sehemu ya huduma unayotaka kuieleza. Mteja aliyesema "kila kitu ni kizuri" alipoulizwa, kisha akaandika kurasa mbili za uchungu alipofika nyumbani, hajakosa haki yake ya kusema, ila ameacha nje ya maelezo yake jambo ambalo msomaji angependa kulijua.

Pili, andika mambo ambayo mtu mwingine aliyekuwa pale angeweza kuyathibitisha. Ukisema kwamba huduma ilikuwa mbovu kupita kiasi, msomaji atajua kwamba ulikasirika, na hatajua zaidi ya hapo. Ukisema kwamba mlikaa dakika 50 baada ya kuagiza, kwamba chakula kilifika kikiwa cha moto pembeni na baridi katikati, na kwamba mlipouliza mliambiwa mle hivyohivyo kwa kuwa jiko linafungwa, msomaji ataamua mwenyewe, na hasira yako ataiona bila wewe kuitaja. Taja siku na saa, taja mlikuwa wangapi, na kama kulikuwa na kitu kizuri, kitaje pia, kwa sababu anayesoma anataka kujua ale nini iwapo atalazimika kwenda. Usijaribu kueleza nia ya watu usiyoijua. Kwamba nyama ilikuwa ngumu unalijua. Kwamba ilikuwa ya juzi, au kwamba mwenye mgahawa anawadharau wateja wake, unakisia tu. Mhudumu naye mwache bila jina na bila maelezo ya sura yake, kwani mara nyingi kosa ni la anayepanga zamu, huku anayefukuzwa kazi ni aliyeleta sahani.

Swali: Je, kwenda mara moja kunatosha kuuhukumu mgahawa?

Jibu: Inategemea unaandika kama nani. Mhakiki wa gazeti anatakiwa kwenda zaidi ya mara moja. Desturi hiyo ilijengwa sana na Craig Claiborne, aliyeanza kazi ya uhariri wa chakula katika The New York Times mwaka 1957: mhakiki anarudi mara kadhaa, gazeti linalipa bili, na mgahawa haupewi taarifa. Kanuni ya kuficha utambulisho ina sababu nzuri, na aliyeionyesha kwa uwazi kuliko wote ni Ruth Reichl wa gazeti hilohilo mwaka 1993, alipouhakiki mgahawa wa Le Cirque. Alikwenda akiwa amejigeuza sura, akangojeshwa kama mtu asiye na maana. Alipotambuliwa katika safari nyingine alipewa meza mara moja, na hata matunda yaliyopambia kitindamlo yakawa makubwa zaidi. Alizieleza hali zote mbili katika makala moja, na mgahawa ukashuka kutoka nyota nne hadi tatu. Kwa maoni yangu makala hiyo ilikuwa ya haki kuliko nyingi zenye lugha kali zaidi, kwa kuwa haikudai kwamba Le Cirque ni mgahawa mbaya, bali ilionyesha ni mzuri kwa nani.

Mteja wa kawaida hana bajeti ya gazeti, wala hana wajibu wa kulipia mara tatu chakula kilichomchukiza. Wajibu wake ni kutodai kwamba anajua zaidi ya anavyojua. "Nilikwenda mara moja, Ijumaa usiku, mgahawa ulikuwa umejaa" ni sentensi fupi inayompa msomaji kipimo anachokihitaji. Kama mgahawa una wiki mbili tangu ufunguliwe, sema hivyo pia. Wahakiki wengi husubiri mwezi mmoja au zaidi ili jiko lizoee kazi, ingawa mimi sioni kwa nini mteja aliyelipa bei kamili ahesabiwe kuwa mtu wa majaribio.

Swali: Naweza kushitakiwa kwa kuandika kwamba chakula kilikuwa kibaya?

Jibu: Unaweza kushitakiwa, lakini kushitakiwa si kushindwa. Sheria za kashfa hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mwenye barua ya wakili mkononi asitegemee safu ya jarida. Hata hivyo, kesi kadhaa zinazojulikana zinaonyesha mahakama hutazama nini.

Huko Marekani, mgahawa wa Mr. Chow wa New York ulishitaki wachapishaji wa mwongozo wa migahawa wa Gault/Millau. Jopo la raia liliupa mgahawa dola 20,000 za fidia na dola 5 za adhabu. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa ilibatilisha uamuzi huo, ikieleza kwamba karibu maneno yote yaliyolalamikiwa, pamoja na yale ya kejeli, yalikuwa maoni ya mwandishi, na hakuna mtu mwenye akili timamu angeyachukua kama taarifa. Dai moja tu ndilo lilionekana kuwa la ukweli au uongo: kwamba bata wa mtindo wa Peking aliandaliwa kama sahani moja badala ya tatu. Hata hilo halikutosha, kwa sababu haikuthibitishwa kwamba mwandishi alijua ni uongo au alipuuza ukweli kwa makusudi. Mfano huo ninaupenda kwa sababu unapindua dhana ya wengi. Kilichokaribia kuwaponza wachapishaji ni idadi ya sahani, wala si matusi.

Belfast nako, gazeti la Irish News liliamriwa mwaka 2007 kulipa pauni 25,000 kwa sababu ya makala ya mwaka 2000 kuhusu mgahawa wa piza. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, ikiona kwamba jopo halikuelekezwa ipasavyo namna ya kutenganisha taarifa na maoni.

Sydney mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2003 gazeti la Sydney Morning Herald liliupa mgahawa mpya alama 9 kati ya 20. Mgahawa ulifungwa miezi michache baadaye, wenye mali wakaenda mahakamani, kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya Australia mwaka 2007, na mwaka 2014 gazeti likaamriwa kulipa zaidi ya dola 600,000 za nchi hiyo.

Kwa hiyo nasisitiza nililosema katika jibu la kwanza, safari hii kwa sababu ya kisheria: eleza kwanza ulichokiona na kukionja, kisha toa maoni yako juu yake, ili msomaji aone maoni hayo yamesimama juu ya nini. Hifadhi risiti na picha. Na ukikutana na mgahawa unaokutaka utie saini karatasi ya kuahidi kutoandika lolote baya, jua kwamba Marekani ilipiga marufuku masharti ya aina hiyo katika mikataba ya kawaida ya wateja kwa sheria ya mwaka 2016.

Swali: Nilikula jioni, usiku nikatapika. Niandike kwamba mgahawa umenilisha sumu?

Jibu: Pole sana, lakini usiandike hivyo. Chakula cha mwisho hulaumiwa kwa kuwa ndicho tunachokikumbuka, wakati vimelea vina ratiba zao. Sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus inaweza kukuangusha ndani ya dakika 30 hadi saa 8, lakini virusi vya noro huchukua kwa kawaida saa 12 hadi 48, Salmonella saa 6 hadi siku 6, Campylobacter siku 2 hadi 5, na homa ya ini aina ya A huweza kujificha hata siku 50. Huenda kilichokutapisha usiku ni chakula cha jana yake, ulichokipika mwenyewe.

Mwone daktari, kisha itaarifu mamlaka ya afya, ambayo ina uwezo wa kulikagua jiko na kuuliza kama wengine waliokula hapo waliugua. Ukitaka kuandika, andika yale unayoyajua: kwamba ulikula saa fulani, ukaanza kuugua saa fulani, na umetoa taarifa. Na kama uliona nyama mbichi imewekwa pamoja na chakula kilichokwisha kuiva, hilo ni jambo zito linalostahili kuandikwa hata kama hukuugua kabisa.

Swali: Je, kejeli inaruhusiwa?

Jibu: Inaruhusiwa kwa anayeiweza, nao ni wachache. Mwaka 2012 Pete Wells wa The New York Times aliuhakiki mgahawa wa mpishi maarufu wa televisheni, Guy Fieri, katika Times Square kwa makala iliyoundwa karibu yote kwa maswali aliyomwelekezea mwenye mgahawa. Watu walicheka sana, lakini kila swali lilibeba jambo mahususi lililotokea mezani. Vilevile aliyelengwa alikuwa mtu mwenye jina na nguvu. Kejeli hiyohiyo ikielekezwa kwa familia iliyofungua mgahawa wa meza sita huwa ni uonevu, na wasomaji huutambua upesi.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenye mgahawa. Baadhi ya maoni mabaya tunayoandikiwa ni ya watu ambao hawajawahi kuingia kwetu. Tufanye nini?

Jibu: Ndugu yetu, tatizo lako ni la kweli. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alisajili katika tovuti ya maoni ya TripAdvisor mgahawa ambao haukuwepo, banda lililokuwa katika bustani ya nyumbani kwake London, na kwa maoni ya kubuni akaufikisha nafasi ya kwanza jijini humo. Kama sifa zinaweza kubuniwa hivyo, lawama nazo zinaweza. Tangu Oktoba 2024 kanuni ya Marekani imepiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo, na Uingereza ilifuata mwaka 2025.

Unaposhuku, linganisha tarehe na vitabu vyako vya oda, toa taarifa kwa tovuti husika, na chini ya maoni hayo jibu kwa sentensi mbili za upole ukieleza kwamba huna kumbukumbu ya ziara hiyo na kwamba ungependa kupata maelezo zaidi. Usibishane, kwa kuwa mteja mtarajiwa atakaposoma ugomvi huo hatakuwa na njia ya kujua nani mkweli, na atakayemkumbuka ni aliyepiga kelele. Lakini jihadhari na kishawishi cha kuita uongo kila usichokipenda. Pete Wells niliyemtaja aliposhusha mgahawa wa Per Se wa New York kutoka nyota nne hadi mbili mwaka 2016, mwenye mgahawa, Thomas Keller, ambaye ni miongoni mwa wapishi wanaoheshimiwa zaidi Marekani, alitoa taarifa ya kuwaomba radhi wateja waliosikitishwa. Ni vigumu kufikiria jibu ambalo lingemfaa zaidi.

Swali: Mgahawa nilioulalamikia umenipigia simu, ukaahidi kunirudishia fedha zote nikifuta maoni yangu. Nikubali?

Jibu: Fedha zikija kama fidia isiyo na sharti, pokea kwa moyo mweupe, kisha ongeza chini ya maoni yako kwamba mgahawa uliwasiliana nawe na kukurudishia ulichokilipa, hiyo ni habari njema kwao, na ni ya kweli. Zikija kwa sharti la kufuta, kataa, maana watakuwa wananunua ukimya ambao wasomaji wengine watauchukulia kuwa ni ridhaa. Ukirudi na kukuta mambo yamebadilika, andika maoni mapya yenye tarehe mpya na uyaache ya zamani yasomeke kando yake. Kufuta kabisa kunafaa pale tu ulipogundua kwamba ulichokiandika hakikuwa sahihi, kwa mfano umeandika chini ya jina la tawi ambalo hukulifikia.