Jani halikubali kuwa jeusi

SWALI: Nafundisha Sayansi Darasa la Sita, shule ya serikali mkoani Singida. Watoto ni 84, maabara hakuna. Kipindi cha saa mbili na nusu asubuhi tulifanya jaribio la wanga: tulichuma jani, tukalichemsha kwa spiriti juu ya jiko la mkaa ili kuondoa ukijani, tukadondosha ayodini, dawa ya kahawia inayogeuka nyeusi ikikutana na wanga. Likabaki kahawia. Halafu spiriti ilishika moto, tukauwahi. Tatizo ni nini?

JIBU: Mwalimu, tatizo la kwanza ni saa. Usiku mmea hutumia wanga uliotengenezwa mchana, na mwingine huusafirisha ukiwa sukari. Jani la asubuhi linakuwa karibu tupu. Chuma saa tisa alasiri, siku yenye jua.

La pili ni moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa juu ya meza mpaka uyafikie makaa. Vitabu husema uweke glasi ya spiriti ndani ya maji ya moto, jiko likiwa limezimwa. Ni sahihi, lakini kwa darasa lenu sisi tungeachana kabisa na kuipasha.

Gawa makundi 14 ya watoto sita. Jioni, kila kundi lifunike sehemu ya jani la maharage kwa foili, juu na chini, na kulibana kwa klipu. Jani lisichumwe bado. Kesho yake saa tisa lichumeni, mtoe foili, mlitumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja. Hatua hii wengi huiruka, kumbe ndiyo inayoua seli na kufungua njia ya spiriti na ayodini kupenya. Kila kundi likate kikonyo kwa namna yake ili majani yasichanganyike.

Jiko likishazimwa na kutolewa nje, yatieni majani kwenye chupa ya jamu, mmimine spiriti mpaka yafunikwe, mfunge kifuniko na kuifungia kabatini. Wanga hautapotea: hauyeyuki kwenye spiriti, na jani limeshakufa. Asubuhi spiriti itakuwa kijani, majani meupe. Yakibaki na ukijani, badilisha spiriti, ongeza saa chache.

Sasa kipindi chenu cha asubuhi kinafaa. Jani litakuwa gumu, linavunjika. Lisuuze kwa maji ya uvuguvugu lilainike, litandaze kwenye sahani nyeupe, dondosha ayodini na usubiri dakika mbili tatu. Palipopigwa jua patakuwa bluu iliyokolea hadi nyeusi, palipokuwa na foili patabaki kahawia.

SWALI: Ayodini ya duka la dawa inafaa? Na jani la kitunguu je?

JIBU: Inafaa. Changanya sehemu moja kwa kumi za maji, ifanane na chai ya rangi nyepesi. Ikiwa kali, jani zima huonekana jeusi na tofauti haionekani. Kitunguu kiacheni, majani yake huhifadhi sukari badala ya wanga.