Kumtoa buibui ndani bila kumuua

Vifaa vyote unavyo tayari: chupa tupu ya maji na kadi ya zamani ya mchango wa harusi. Kata chupa ya lita 1.5 katikati kwa kisu kikali, utumie nusu ya chini. Ukingo uliokatwa uzungushie selotepu, kwa sababu plastiki iliyokatwa ina makali ya kutosha kumkata buibui mguu. Kwa wale wakubwa kata chupa ya lita 5. Muhimu ni kwamba uone ndani, ndiyo maana sishauri kopo la bati: usipoona miguu ilipo, utaibana.

Nasisitiza miguu kwa sababu buibui wengi wakishakomaa hawajivui tena gamba, na mguu uliokatika hauoti upya. Mnyama anayewinda kwa kukimbia utakuwa umemwachia shida ya maisha.

Basi usimrukie. Miguu yake ina vinyweleo vinavyohisi hata upepo mdogo, na mkono unaoshuka kwa kasi unatanguliza upepo. Sogeza chupa polepole, mfunike, kisha ngoja atulie. Hapo ndipo uinue ukingo upande mmoja, kiasi cha unene wa kadi tu, uisukume kadi taratibu mpaka apande juu yake mwenyewe. Gazeti halifai, linajikunja. Akiwa darini, mwache. Wengi huwinda usiku na watashuka ukutani wenyewe. Aliyekwama kwenye beseni au ndoo hahitaji hata chupa, kwani anateleza tu kwenye kuta laini. Mtumbukizie kitambaa apande.

Pwani kwetu anayetisha watu zaidi ni yule mkubwa wa kahawia, bapa, anayekimbia ubavu ubavu kama kaa. Hasuki utando wa kunasia. Huwafukuza mende na kuwakamata. Jike lake hubeba kifuko cheupe cha mayai chini ya tumbo, mviringo kama sarafu, na ndani yake mna mayai zaidi ya 100. Ukimkuta nacho, fanya kila kitu polepole maradufu ili asikidondoshe.

Kwa maoni yangu si kila buibui wa kutolewa. Wale wa miguu mirefu myembamba wanaokaa kwenye pembe za dari nawaacha, na vile vidogo vinavyorukaruka dirishani naviacha pia. Kando ya Ziwa Victoria, wanasayansi wa Mbita Point, Kenya, wamechunguza buibui mmoja mrukaji, Evarcha culicivora, anayependa kula mbu wa Anopheles waliokwisha shiba damu. Ni huyohuyo mbu wa malaria tunayemchomea dawa kila usiku!

Pa kumwachia panahitaji kufikiriwa. Ukimmwaga katikati ya uwanja mchana, kuku watammaliza kabla hujageuka. Ngoja jioni kuku waingie bandani, laza chupa ubavu karibu na rundo la kuni au chini ya mgomba, toa kadi, uondoke. Chupa utaichukua baadaye. Angalia kwanza kama hakuna njia ya siafu.

Mmoja nataka umwogope kidogo. Chini ya viti vya plastiki na vyungu vya maua hukaa buibui mdogo wa kahawia mwenye tumbo la duara, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa yenye umbo la saa ya mchanga. Vifuko vyake vya mayai vina vijimiba. Hashambulii ovyo, lakini akibanwa huuma, na sumu yake inauma sana. Huyu mkamate ukiwa umevaa glavu nene, na watoto wakae mbali. Akimuuma mtu, osha kidonda kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mtoto mdogo, au yeyote ambaye maumivu yanamsambaa mwilini, apelekwe hospitali.